Aliyeonja Kwanza

Baba Leokadia,

Namwonea wivu Mama Stani, jirani yetu. Usicheke. Mumewe alikufa vitani, wewe ulikufa kwa pombe. Ndivyo wanavyosema hapa Nyamigogo. Kila mwaka wakikumbuka mashujaa, yeye huwekewa kiti cha mbele, mimi hukaa chini, nyuma kabisa. Yeye mjane wa shujaa, mimi mjane wa mlevi.

Mlevi! Wewe niliyekutania kwamba unakunywa kama padri anayeangaliwa na askofu?

Nakumbuka uliporudi na lile debe tupu la dawa ya pamba kutoka shamba la kijiji. Vita vilikuwa vimemeza kila kitu, hata ndoo haikupatikana dukani. Ulilisugua kwa majivu na mchanga mpaka likang'aa.

"Bado linanuka," nilisema.

"Pua hiyo wangeipeleka mpakani, Mama Leokadia, ingemnusa adui."

Tukacheka, tukavundika humo pombe ya ndizi. Maandishi ya debe, yaliyoonya kwamba ni sumu, yalikuwa ya Kiingereza. Waliotugawia dawa walijua kuyasoma, walijua pia kwamba sisi hatujui, na hawakusema neno. Vita vyangu ni na hao.

Pombe ilikuwa ya wenzako wa zamu ya palizi. Uliwagawia mirija, kisha wewe mwenye nyumba ukaonja kwanza, ili wageni wajue ni salama. Ulivuta funda refu. Walikuwa ndio wanapeleka mirija mdomoni mate yalipoanza kukutoka, mwili ukitetemeka.

"Wasinywe," uliniambia. Hukusema tena.

Wageni wakaondoka wazima, wote. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba umeuawa na ulevi, nao wakanyamaza.

Leo, siku ya mashujaa, niliwahi uwanjani. Nikakaa kiti cha mbele, kando ya Mama Stani.

"Mama, hapo ni pa wajane wa vita," akasema karani.

"Na ile pamba aliyopalilia mume wangu iliuzwa kununulia nini, vitumbua au risasi?"

Akanishika mkono aniinue. Ndipo Mzee Bahati, mmoja wa wageni wako wa siku ile, akasimama kwa mkongojo wake. "Mwache. Mrija nilikuwa nao mdomoni. Mume wake ndiye aliyenizuia kufa."

Uwanja mzima ulimsikia. Mama Stani akavuta kiti chake mbali na changu. Na avute. Sasa ni zamu yake kuona wivu.

Pumzika, mume wangu. Kitini sikutoka.

Mkeo,
Mama Leokadia