Nguo Niliyoiacha Bila Kupinda

Rukia, mke mwenzangu,

Marahaba. Hapa Mchinga hatujambo. Babu yako, mume wetu, kikohozi kimemwacha, sasa anagombana na kuku.

Umeuliza kwa nini upinde kingo za ndani ya gauni kwa cherehani ilhali hakuna azionaye. Nami nilimuuliza hivyohivyo Bi Somoe, fundi aliyenifunza kushona kule Mtanda. Kila gauni aliligeuza ndani nje mbele ya mteja, nami nikashindwa kujua upande upi mzuri zaidi.

Akanijibu, “Mwanangu, isiyopindwa ni sanda tu. Aliye hai mpindie.”

Alipofariki, sanda yake niliikata mimi. Vidole vikaanza kuukunja ukingo, vimezoea. Nikavizuia.

Bibi yako