Mteja Wangu Amekuwa Dada Yangu, Kazi Kampa Mwingine

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi niitikie tu, maana siku hizi sijui tena nani ni nani kwangu, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi wa sofa na mapazia, nina karakana ndogo na mafundi wawili walio chini yangu, na mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja mwenye nyumba za kulala wageni, karakanani tunamwita Madam Vyumba, mama mkali ambaye pazia likipinda kidogo tu analirudisha, lakini kazi zake ndizo zilizokuwa zinatuweka mjini. Mwaka huu nikasikia anajenga jengo jipya, vyumba juu ya vyumba, na rafiki yangu muuza rangi akanishauri kwamba mteja haishii dukani, mlete nyumbani ale na watu wako, aliyekula kwako haendi kwa jirani, nami nikaona kweli, nikamwalika kwenye sherehe ya mama yangu ya kutimiza miaka sabini.

Mshauri, nilipopewa kipaza sauti nimtambulishe, sijui ni furaha au ni lile jengo lililokuwa machoni mwangu, nikasema jamani huyu si mteja tena, huyu ni dada yetu, ni mtoto wa nyumba hii, na watu wakapiga makofi. Mimi nilidhani ni maneno ya kipaza sauti tu, kumbe mama yangu aliyachukua kama yalivyo, watu walipomaliza kula akamwambia kama wewe ni mtoto wa hapa basi njoo tuoshe vyombo, nikatamani ardhi ipasuke, nikakimbilia getini kuaga wageni ili nisione, na niliporudi nikamkuta Madam Vyumba amevua viatu, mikono imejaa povu, anasugua sufuria huku anacheka na mama kama wanajuana tangu utotoni.

Tangu hapo kila Jumapili yuko kwa mama. Anamsuka nywele, anampeleka kliniki ya presha, mimi ananiita mdogo wangu na kunigombeza kwa nini sionekani. Nikafurahi, nikajua mapazia ya jengo jipya hayana pa kwenda zaidi ya kwangu, hadi siku niliyopita pale nikamkuta fundi wa mtaa wa pili, ambaye sofa zake ukizikalia unakutana na mbao, anapima madirisha. Nikamfuata Madam Vyumba kumuuliza nimekosa nini, naye akanishika bega kwa upole kabisa.

"Mdogo wangu, fundi ni mtu wa kugombezwa," akasema. "Wewe ukiniharibia kitambaa nitakusemaje, halafu Jumapili nimtazame mama usoni? Tena sifanyi kazi na ndugu. Nikikosana na wewe nitakosa pa kwenda."

Na bado. Ananitumia kwenye simu picha za mishono ya yule fundi, ananiuliza mdogo wangu, hii imekaa sawa, na mimi mjinga najibu, nimekuwa msimamizi wa kazi niliyonyimwa, mafundi wangu wamekaa mikono mapajani, na mmoja ameshaanza kuulizia nafasi kwa yule yule fundi wa mtaa wa pili.

Sasa mdogo wetu wa kike anaolewa mwezi ujao na kadi ziko mezani kwangu. Mke wangu anasema nisimwalike Madam Vyumba, undugu upoe, arudi kuwa mteja. Mama anasema binti yake huyo mpya asipokuwepo na yeye haji. Nikimwalika nimeupiga muhuri undugu na kazi ndiyo imekwenda, nisipomwalika nitakosana na mama na huenda mteja nisimpate vilevile, na nikitaka kumwambia ukweli kwamba nilimwita kwa ajili ya biashara ulimi unakuwa mzito. Nimechanganyikiwa, mshauri, napima kitambaa, narudia, na bado nakata vibaya. Nimwalike au nisimwalike?

Ni mimi, Fundi Niliyepata Dada

Jibu la mshauri

Fundi, pole. Nilicheka kwanza, uniwie radhi, kisha nikakuonea huruma, na sasa nitakusema, kwa kuwa dada yako anaona haya kukusema.

Mdomo uliponza kichwa. Wewe ulitaka undugu wa kuonyesha tu, kama vile vipande vya vitambaa unavyompitishia mteja halafu unavikunja. Bahati yako mbaya, uliutoa mbele ya mama asiyejua maneno ya kipaza sauti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mama yako hakungoja hata kesho yake, na mgeni mwenyewe alivua viatu akaingia kazini. Undugu wa namna hiyo huupozi kwa kumnyima mtu kadi.

Kwa hiyo mwalike. Mpelekee kadi kwa mkono wako, na siku hiyo jengo usilitaje kabisa. Mke wako mweleze taratibu kwamba dada akifukuzwa hageuki kuwa mteja. Anageuka mtu baki mwenye donge rohoni, na huyo hatanunua kwako hata kamba ya pazia.

Suala la kazi ni safari nyingine. Nenda ofisini kwake siku ya kazi, na nguo zako za karakana, futi yako shingoni. Mwambie ukweli kwamba mara ya kwanza ulimwita kwa sababu ya mapazia. Unaogopa nini? Mwanamke anayeendesha nyumba za wageni anamtambua mwenye shida angali mlangoni. Nadhani alijua, akaja hivyo hivyo. Tena alikwambia sababu mwenyewe, ila ulikuwa unawaza madirisha ukaipita: anaogopa kukosa pa kwenda. Mhakikishie kwamba kwa mama yako pana nafasi yake, kazi iwepo isiwepo. Ukishamaliza hilo ndipo umwambie, "Dada, Jumapili nigombeze kwa ajili ya mama, na siku za kazi nigombeze kwa ajili ya pazia." Mwombe chumba kimoja tu cha kujaribiwa. Akikubali, shona vizuri. Akikataa usibembeleze, toka ukatafute wateja wengine kwa ajili ya mafundi wako, na hao uwaache wawe wateja.

Picha za mishono acha kuzijibu. Mwambie fundi hakagui kazi ya mwenzake kwa mlango wa nyuma, ataelewa.

La mwisho hukuniuliza. Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali fulani na sikupaona. Mama yako anasukwa, anapelekwa kliniki, anaoshewa vyombo, na yote anafanyiwa na mteja wako. Wewe ulikuwa getini. Siku ya harusi, watu wakishakula, vua viatu, kunja mikono ya shati, ukasimame kwenye beseni pamoja na dada yako. Sufuria kubwa iwe yako.