Milioni Moja na Moja Si Tasa

Jumatatu, 3 Machi
Wifi kasimamishwa kazi! Mke wa kaka, mwalimu wa hesabu miaka kumi na tisa. Kosa: "kupotosha watahiniwa." Mtihani wa wilaya uliuliza kama 1,000,001 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Darasa lake lote liliandika si tasa. Mwongozo wa kusahihisha unasema ni tasa. Kumi na mmoja wamekosa sekondari kwa alama mbili za swali hilo. Wifi akaandika barua ya kupinga. Kikao cha nidhamu Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi
Nimekokotoa mwenyewe nyuma ya bahasha. Namba ya kutega. Witiri. Inasomeka sawa mbele na nyuma. Tarakimu zikijumlishwa ni mbili, basi tatu haiingii. Saba, kumi na moja, kumi na tatu — zote zinabakiza mbili. Sura ya tasa kabisa. Lakini 101 mara 9,901 ni 1,000,001 kamili. Nimerudia mara tatu.

Jumatano, 5 Machi
Ofisi ya mitihani. Mtunga swali kanionyesha kitabu chake bila aibu. Jedwali la namba tasa, ukurasa wa mwisho, linaishia 97. Alizijaribu zote ishirini na tano, hakuna iliyoingia, akafunga kitabu. Inayofuata ni 101! Moja tu mbele!
"Dada, jedwali liliisha. Ulitaka nitunge zangu?"
Jioni, mhariri wa gazeti letu. Anataka pande zote mbili. Niandike namba "inayodaiwa kugawanyika." Nimemwambia kuzidisha hakuna upande wa pili.
"Shangazi, usinipandishie sauti. Weka 'inadaiwa' tulale salama."
Miaka thelathini nawaandikia wezi "inadaiwa." Leo niiandikie hesabu!

Alhamisi, 6 Machi
Habari haikutoka. Nafasi yake: tangazo la magodoro.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika kwenye benchi, nje ya kikao, wifi kando yangu. Wifi kazidisha ubaoni mbele ya watu saba. Mwenyekiti akataka wapige kura — kura! Watano wamesema tasa, wawili hawakuinua mkono. Mkaguzi mmoja akaguna: kwani tukipiga kura, 101 itaacha kuingia? Kaambiwa anyamaze.
Sasa wamempa karatasi. Atarudi darasani Jumatatu akisaini kwamba namba hiyo ni tasa "kwa madhumuni ya mtihani huu." Tasa kwa madhumuni!
Kaka kwenye simu, sauti juu: saini, mke wangu, namba haina mama wa kuililia.
"Wale kumi na mmoja wana mama zao," kasema wifi, kakata simu.
Karani katoa kichwa mlangoni. "Mwalimu, mwenyekiti anauliza, tayari?"
Wifi kaigeuza karatasi upande mtupu. Anachora safu mbili, jina na alama halali. Kaniomba nimsomee orodha ya wale kumi na mmoja. Nasoma taratibu. Karani bado kasimama. Tuko jina la nne —