Kurasa Nilizomnyima Mwajuma

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Area D. Sote tu wazima. Mama yako yuko Mlali anavuna alizeti.

Umeuliza usome kitabu gani likizo hii. Soma hiki ninachokutumia, riwaya ya Kiingereza. Padri anafika kwenye sayari ya watu wasiokufa, nao wanamuuliza: asiyekufa asali ili iweje?

Nilikikuta kwenye mfuko wa koti la mtumba, miaka ile mitumba ilipoanza kumiminika, nikiwa mpiga chapa ofisini. Nikamwazima mwenzangu Mwajuma, binti wa Kondoa. Basi kila chai ya saa nne akawa anakisimulia kwa Kiswahili, na ofisi nzima, Waislamu kwa Wakristo, ikamzunguka na vikombe. Mimi mwenye kitabu nikabaki na mashine yangu. Wivu ulinikaba. Siku moja alipokiacha mezani kabla hajafika mwisho, nikakata kurasa za mwisho kwa wembe, nikamwambia nilikikuta hivyo hivyo.

Hakubabaika. Akatunga mwisho wake: padri anakata roho, na wale wasiokufa wanasali kwa mara ya kwanza, ili asiende peke yake. Karani mkuu alilia mbele yetu. Nilipousoma mwisho wa kitabu, haukuufikia wa Mwajuma.

Kurasa nimezibandika. Ukizifikia, usizisome kwanza. Nenda Kondoa, mwamkie Bibi Mwajuma, mwonyeshe zilipokatwa, akusimulie mwisho wake. Kisha niandikie kama bado anasimulia vizuri vile.

Nitafurahi ukisema hapana.

Bibi yako