Sindano Ilikuwa na Uzi

Mdogo wangu,

Huku tuko salama, salama ya jino bovu ambalo halijaguswa. Goti la mama limepata nafuu. Paka wako kazaa tena, chini ya kitanda chako kilekile.

Cherehani yangu pale kiwandani kapewa mwingine. Mimi sasa nashona barazani, viraka na zipu.

Jana jirani kanipa pole: "Mdogo wako kakuchoma kisu cha mgongo." Nikamwambia, "Umekosea, jirani." Anayechomwa mgongoni huwa hamwoni anayemchoma. Mimi nilikuwa nimekugeukia, nakutazama usoni. Tulikubaliana jikoni kwetu: meneja akiuliza nani analalamikia milango kufungwa kwa kufuli tukiwa ndani, nitasimama mimi, utasimama wewe, na wenzetu watafuata. Nikasimama. Wewe ukainama kutunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Na mwoga alikuwa nani kati yetu? Si mimi? Si wewe uliyenishika mkono ukasema, "Dada, woga wetu ndio kufuli lao"? Nikayameza maneno yako mazimamazima.

Haya, hongera kwa usimamizi huko tawi jipya. Nasikia funguo unashika wewe. Mama anajivuna mtaa mzima, sijamwambia kitu. Kila siku anauliza utakuja lini.

Njoo umwone. Ila ukifika usihangaike kutafuta kiti. Mbele yangu utasimama.

Ni mimi,
dada yako, bado