Chuo Alichokichagua Kokuberwa

Kishanda, Muleba,
9 Septemba 2025.

Mpendwa shemeji Joackim,

Habari za huko na za kazi? Mguu uliokusumbua wakati wa msiba umepona? Sisi tunaendelea. Ni miezi saba tangu tumzike kaka yako, na bado nikimenya ndizi namenya za watu watatu.

Mvua zimeanza vizuri. Ule mgomba wa nyuma ya jiko aliouwekea nguzo marehemu Apolinary umetoa mkungu mkubwa.

Sasa suala la binti yetu Kokuberwa. Alichaguliwa na vyuo viwili, hicho unachofundisha wewe na kile kidogo cha huku kwetu. Orodha uliyotutumia, ya vyuo vilivyopangwa kwa ubora, niliiona kama ripoti ya shule, nikamwambia athibitishe nafasi ya chako kwa kuwa kiko juu. Akaomba kwanza asome barua yako yote, maana nilikuwa nimemwonyesha orodha tu.

Unakumbuka kaka yako alipokuwa akipokea kahawa kwenye ghala la ushirika. Hakujali za juu ya gunia. Alitumbukiza mkono mpaka kwapani akachota za chini, watu wakimtania kwamba anatafuta pete yake ya ndoa. Binti naye akafika chini ya barua yako. Huko ulikuwa umeandika kwamba darasa lako lina wanafunzi mia sita, na kwamba chuo kinawabana mtoe makala nyingi ili kipate nafasi ya juu kwenye orodha, hivyo kazi za wanafunzi husomi tena, unaweka alama tu.

Alikunja karatasi, akaniuliza, "Mama, kwa hiyo kazi yangu angeisoma nani?"

Tulikwenda kukiona kile kidogo. Paa la maktaba linavuja. Ila mwalimu mmoja, Bi Shamsia, tulimkuta barazani na mwanafunzi, wakipitia insha mstari kwa mstari. Ijumaa Kokuberwa akathibitisha hapo.

Najua ulikwishamtafutia chumba, na habari hii itakuuma. Hajakukataa wewe, baba yake mdogo.

Mama yako Joanitha anakusalimu, na jirani yetu Avit pia. Wasalimie mkeo Bernadina na watoto. Mungu akupunguzie mzigo wa kazi na akulinde.

Kokuberwa anauliza kama anaweza kukutumia insha yake ya kwanza. Ukimkubalia, isome yote.

Shemeji yako akupendaye,
Restituta