Kibuyu cha Kaspar Kilichooshwa kwa Sabuni

Jumamosi, jioni. Masika yamekatika, na leo ukungu wa Kingerikiti uliondoka mapema kama mtu mwenye shughuli kwingine. Miguu imechoka. Moyo umetulia.

Kwa msomaji asiyetujua: sisi ni kikundi cha mganda, ngoma ya wanaume wa huku kwetu, mlimani na ziwani. Tunavaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, tunajipanga mistari, ngoma kubwa inaongoza na vibuyu vinaimba. Kibuyu hakipulizwi kama tarumbeta. Unaimba ndani yake, nacho kinairudisha sauti yako ikiwa na mtetemo, kama nyuki waliofundishwa wimbo.

Mtetemo huo una siri ndogo. Ubavuni mwa kibuyu kuna tundu, na juu yake tunabandika kile kikaratasi cheupe ambacho buibui hukitengeneza ukutani kufunikia mayai yake. Sisi tunakiita utando. Nailoni tumewahi kuijaribu. Inalia kama mbuzi mwenye mafua.

Kaspar ndiye kibuyu chetu kikuu tangu ujana. Tumecheza Matiri, tumecheza Mbamba Bay mchanga ukitupanda hadi kwenye soksi, tumecheza harusi na sherehe za parokia nisizoweza kuzikumbuka zote. Na mara mbili tumerekodiwa. Mara ya kwanza fundi mitambo aliusikia mtetemo akadhani chombo chake kimeharibika, akauchuja wote. Kwenye ile kaseti Kaspar anasikika kama mtu anayeita ng'ombe. Mara ya pili, studio, tuliingizwa mmoja mmoja, kila mtu na ukuta wake. Kaspar alipotoka aliniambia, "Mwalimu, nimejisikia kama naungama."

Sauti yake halisi haijawahi kunaswa.

Na kesho anahamia Songea kwa mjukuu wake Neema, awe karibu na hospitali, kwa sababu kifua hakimwachi. Neema amekuja kumchukua, na amekuja na kinasa sauti ili atunase tukicheza uwanjani, wote pamoja. Huko Songea Kaspar atakuwa na kibuyu, lakini hatakuwa na ngoma wala miguu yetu. Mganda wa mtu mmoja haupo. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Asubuhi Kaspar akakitoa kibuyu mfukoni. Kilikuwa kinang'aa.

Sesilia, mkwe wake, alikuwa amekiosha kwa sabuni. Alifanya kwa upendo kabisa. "Nikasema Baba asiende mjini na kitu chenye buibui," alisema, kisha akaona nyuso zetu, akajifunika kanga mdomoni.

Hakuna aliyemgombeza. Tutafute utando mwingine, tukasema. Tukasahau kwamba wiki hii Padre anapita kubariki nyumba. Kijiji kizima kimefagiliwa na kupakwa chokaa. Buibui wa Kingerikiti ama wamekimbia ama wametubu.

Tena fikiria namna ya kuuliza. Unasimama mlangoni kwa mama wa watu, unamwomba utando wa buibui!

Nilianza kwangu. "Baba Festo," mke wangu akasema, "unaniuliza mbele ya watu kama nyumba yangu ni chafu?"

Mama Agneta hakutufungulia hata mlango. "Kwangu hakuna! Nendeni kwa Mama Yustina, kule wamo mpaka popo."

"Nimesikia!" Mama Yustina akajibu ng'ambo ya ua. "Popo hao walihamia kwangu kutoka kwako, walikimbia njaa!"

Tulicheka, lakini jua lilikuwa linapanda. Tulizipasha ngoma moto ili ngozi zikaze, zikapoa, tukazipasha tena. Kaspar alikaa kwenye kigoda karibu na moto huo, akikohoa, kibuyu kisafi magotini. Nilishindwa kumtazama.

Ndipo akaja Mama Oliva, mjane wa Bonifasi, aliyekuwa kibuyu chetu cha pili.

"Mwalimu, njoo. Na usiangalie huku na huku."

Alinipeleka stoo ya mahindi. Pote palifagiliwa isipokuwa kona moja, na pale ukutani zilikuwapo tando nyeupe, zimetulia kama hostia za komunyo.

"Boni alinikataza kufagia hapa tangu nimeolewa," alisema. "Nilimpigia kelele miaka yote. Sasa hayupo wa kunikataza, mkono unakataa wenyewe."

Aliubandua mmoja yeye mwenyewe kwa ncha ya kisu. Mimi ningeuchana.

Tukacheza. Mara ya kwanza pumzi ya Kaspar ilikatika njiani. Tukaendelea kupiga hatua palepale, tukimngoja, kama mistari inavyomngoja kiongozi wake. Aliporudi, alirudi na nyuki wake wote.

Neema akakunja uso, akagusa vifaa vya masikioni. "Babu, kuna mkwaruzo."

Ngoma ikasimama. Nilijua tuliwahi kufika hapa.

"Mjukuu wangu," Kaspar akasema, "huo ndio mimi. Ukiutoa, utabaki na kikohozi."

Neema alicheka hadi akafuta macho, akaondoa mkono kwenye mashine. Tuliimba mpaka kifua cha Kaspar kikasema imetosha. Neema alipotusikilizisha, mtetemo ulikuwamo wote. Mama Oliva alisikiliza akiwa ametugeuzia mgongo, uso kuelekea stoo yake.

Sasa hivi mke wangu anamalizia kufagia. Nimemwomba aniachie kona moja, ile ya nyuma ya magunia ya kahawa.

"Na Padre akiiona?"

"Mwambie ni ya mganda."

Amenitazama kidogo, kisha ameuegemeza ufagio ukutani.

Alfajiri nitakuwa kituoni kumshika Kaspar mkono kabla basi halijaondoka. Atarudi siku moja kututembelea, Mungu akipenda, na kibuyu chake kitahitaji utando. Kona iko tayari. Buibui bado hajaja, nami sina haraka.